Kusafirisha Ala za Muziki Kutoka Uganda Hadi Ng'ambo: Mwongozo Kamili

Gita, adungu (kinubi cha Uganda) au ngoma ikifika ng'ambo ikiwa imevunjika, wa kwanza kulaumiwa ni kuli wa uwanja wa ndege. Kuna makuli wanaotupa mizigo, hilo halina ubishi. Lakini nyufa nyingi hutokea wiki kadhaa baada ya boksi kufunguliwa, ala ikiwa imesimama salama sebuleni, kwa sababu mbao iliyozoea hewa ya Kampala imekutana na hewa kavu ya nyumba yenye hita. Na kuna ala zisizofika kabisa, kwa kuwa forodha ya huko imekuta ngozi ya kenge isiyo na kibali.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta maboksi jibu maswali mawili: ala yako imetengenezwa kwa nini, na inakwenda kwenye hewa ya namna gani? Anza angalau miezi mitatu kabla ya kuondoka. Vibali havitoki kwa siku mbili, na mbao haikauki kwa haraka yako.

Andika kila ala imetengenezwa kwa nini

Chukua daftari. Kila ala ipewe ukurasa wake: mbao ya mwili, mbao ya shingo, ngozi, nyuzi, mapambo. Usiandike "ngoma" tu. Andika "ngoma ya Kiganda, embuutu, mbao laini, ngozi ya ng'ombe juu na chini, kimo sentimita 50". Kama fundi aliyeitengeneza bado yupo, mpigie simu umuulize mti na ngozi. Mafundi wa Mpambire, kwenye barabara ya Masaka, hukujibu hapo hapo.

Penye hatari kubwa zaidi kwa ala za Uganda ni ngozi. Endongo (ala ya nyuzi yenye mikono miwili), endingidi (fidla ya uzi mmoja) na engalabi (ngoma ndefu) kwa desturi huwambwa ngozi ya kenge. Kenge wa Nile, Varanus niloticus, yumo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na chatu wa Afrika yumo humo humo. Kuvusha ngozi zao mpakani bila kibali ni kosa, hata kama ala ni yako na uliirithi kwa babu. Ili kujua una ngozi gani, shika ala kwenye mwanga wa dirisha, mwanga uje kwa ubavu. Ngozi ya mbuzi au ng'ombe huonyesha vitundu vidogo vya nywele vilivyotawanyika. Ya kenge huonyesha magamba madogo ya mviringo yaliyojipanga kwa safu, na safu hizo huonekana hata kama vumbi na mafuta ya mikono vimeifunika kwa miaka.

Ukikuta ni kenge, una njia mbili. Kwa ala ya kawaida, mpe fundi aiwambe upya kwa ngozi ya mbuzi. Sauti itabadilika kidogo, ila utasafiri bila hofu. Kwa ala ya zamani au iliyotengenezwa na fundi mashuhuri, usiivue ngozi. Omba kibali cha CITES kupitia Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale mjini Kampala, ambako pia utaelekezwa kama unahitaji kupita Mamlaka ya Wanyamapori, UWA. Uliza ubalozi wa nchi uendako kama nao wanadai kibali cha kuingiza. Nchi za Umoja wa Ulaya huweza kukidai, na hutolewa kabla ala haijaondoka, si baada ya kufika. Usiandike kamwe "ngozi ya mbuzi" kwenye fomu huku unajua ni kenge. Ala hutaifishwa, na shehena yako yote hushukiwa.

Ngozi ya ng'ombe haihitaji CITES, lakini ina shida yake. Uganda ina ugonjwa wa miguu na midomo kwa mifugo, na ngozi ya ngoma ni ngozi mbichi iliyokaushwa tu, haikupitia kiwandani. Australia na New Zealand ndizo kali kuliko zote: zinaweza kuamuru ngoma ipigwe dawa au mionzi ya gamma, au iteketezwe, kwa gharama yako. Ngozi yenye manyoya ndiyo mbaya zaidi. Pata cheti cha daktari wa mifugo kutoka Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi, yenye makao Entebbe, na wizarani humo humo uulizie cheti cha afya ya mimea kwa ala za mbao na vibuyu. Vibuyu vya bigwala (tarumbeta za vibuyu) vikung'utwe hadi mbegu ya mwisho itoke. Mbegu moja inayolialia ndani inatosha kuzuiliwa.

Kwa ala za kiwandani, angalia mbao. Mpingo, unaotengenezewa klarineti na oboi, na jamii nzima ya Dalbergia inayopendwa na watengenezaji wa magita, iliingizwa Kiambatisho cha Pili. Tangu tarehe 26 Novemba 2019 ala zilizokamilika za mbao hizo zimeondolewa kwenye sharti la kibali. Isipokuwa moja: Dalbergia nigra ya Brazili, iliyopo Kiambatisho cha Kwanza tangu 1992, ambayo hupatikana kwenye magita ya zamani ya bei kubwa. Hiyo lazima iwe na karatasi. Piano kuukuu yenye vibao vya pembe za ndovu ni mzigo wa kuufikiria mara mbili; kwa wengi ni heri ibaki Uganda.

Kama ala ina thamani ya kihistoria, mfano ngoma ya ukoo au ya jumba la kifalme, pitia pia idara ya makumbusho na mambo ya kale iliyo chini ya wizara hiyo hiyo ya utalii. Ni bora kuambiwa mapema kwamba chombo hakiruhusiwi kutoka nchini kuliko kuzuiliwa nacho Entebbe.

Wadudu na unyevu

Ngoma nyingi na adungu huchongwa kwenye mbao laini, na nyingine huuzwa mti ukiwa bado na maji ndani. Weka ala juu ya karatasi nyeusi kwa wiki moja. Ukikuta unga mweupe chini ya vitundu vidogo, kuna wadudu walio hai. Ala ndogo ya mbao na ngozi, isiyo na gundi wala rangi ya kung'aa, unaweza kuitibu kwa baridi: legeza ngozi, funga kwenye mifuko miwili ya nailoni, kamua hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ikitoka, iache kwenye mfuko siku nzima ili jasho litue nje ya nailoni, si juu ya mbao. Usifanye hivyo kwa gita wala fidla.

Ala kubwa zipelekwe kwa kampuni ya kufukiza inayotoa cheti. Hapa kuna jambo wengi hawaambiwi: dawa ya fosfini, ile ya vidonge, hula shaba. Ikipulizwa kwenye kontena lenye tarumbeta, saksafoni au kibodi, valvu na saketi zitaharibika. Mwambie wakala kwa maandishi kwamba ndani kuna ala za shaba na za umeme, na zitenge na zile zinazofukizwa.

Kuhusu unyevu, nunua kipima unyevu kidogo. Kampala na kandokando ya ziwa hewa mara nyingi huzidi asilimia 70 usiku na alfajiri. Nyumba yenye hita ya Toronto au Stockholm wakati wa baridi huweza kushuka hadi asilimia 20 au 30. Gita linapenda 45 hadi 55. Mbao inapokauka husinyaa kwa upana, si kwa urefu, na ubao ulioshikwa na gundi pande zote hauna pa kusinyaa, kwa hiyo hupasuka. Ngoma nayo: ngozi inajikaza huku mti ukipungua, na mti mbichi hupasuka kuanzia mdomoni.

Adungu au ngoma uliyonunua juzi isisafiri kesho. Iache ndani, mbali na jua, miezi kadhaa. Seremala wa Ndeeba mwenye mita ya unyevu wa mbao akupimie. Ukipata asilimia 12 au chini yake, uko vizuri. Kwa gita na fidla weka ndani ya kesi pakiti mbili za kudhibiti unyevu za aina inayotoa na kunyonya, zenye namba 49. Silika jeli peke yake haifai hapa: yenyewe hunyonya tu na inaweza kuikausha ala kupita kiasi. Mahali pake ni kwenye boksi la kibodi au la tarumbeta.

Ndege au meli?

Kanuni yetu ni hii: ala yenye gundi na ya thamani isipande meli. Kontena la Kampala hupita Malaba au Busia, husafiri zaidi ya kilomita 1,100 hadi Mombasa, husimama bandarini juani, kisha hukaa baharini. Ndani ya chuma kilichochomwa na jua joto hupita nyuzi 50, na gundi ya ngozi inayotumika kwenye fidla hulainika joto likikaribia 60. Usiku chuma hupoa, jasho hujikusanya darini na kudondoka juu ya mizigo. Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi za Ulaya zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema badala ya kupita Bahari ya Shamu, na safari imerefuka. Jiandae kwa miezi miwili au mitatu mlango kwa mlango.

Ngoma, amadinda (marimba ya vibao vya mbao) na piano zinaweza kwenda kwa meli. Fidla ibebe mkononi. Chelo inunuliwe kiti. Andikia shirika la ndege kabla ya kulipa tiketi, utoe vipimo vya kesi kwa sentimita, na chapisha jibu lao uende nalo uwanjani.

Kwa mzigo wa ndege, unalipia nafasi na si uzito pekee. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 6,000. Boksi la gita la 120 × 50 × 25 hutoa 150,000, yaani kilo 25, hata kama mzani unasoma 8. Kampuni za vifurushi vya haraka hugawanya kwa 5,000, na boksi hilo hilo linakuwa kilo 30. Kila sentimita unayopunguza bila kula nafasi ya sponji ni pesa yako.

Kufunga ala moja moja

Gita huvunjika penye kichwa. Kesi ikianguka chali, mwili unasimama lakini kichwa, chenye uzito wa funguo za chuma, kinaendelea kwenda, na shingo hukatika nyuma ya nati, yaani kile kipande kinachoshika nyuzi penye kichwa. Kesi ngumu haizuii hilo. Legeza nyuzi toni moja hadi mbili, usizilegeze zote kabisa, maana fimbo ya chuma ndani ya shingo itaanza kuivuta nyuma. Kunja kitambaa cha pamba uweke chini ya shingo, karibu na kichwa, ili shingo ilale pote. Kichwa chenyewe nyuma kisiguse kesi. Acha nafasi ya kidole. Pembeni mwa kichwa na mwisho wa mwili jaza kitambaa hadi gita lisisogee mbele wala nyuma. Weka karatasi laini kati ya nyuzi na ubao wa vidole. Funga kesi, itikise karibu na sikio. Ukisikia chochote kikigonga, fungua uanze tena.

Fidla: legeza nyuzi nusu toni tu. Ukizilegeza zote, daraja litaanguka, na kile kijiti kinachosimama ndani kati ya ubao wa juu na wa chini kitaanguka pia; kukirudisha ni kazi ya fundi aliyebobea. Upinde ulegezwe kabisa.

Adungu na endongo zina mkono au mikono iliyotoka nje ya mwili, na hapo ndipo zinapokatika. Piga picha jinsi nyuzi zilivyofungwa. Bandika tepu ya karatasi yenye namba kwenye kila kigingi, maana vigingi vya kuchongwa kwa mkono haviingiliani. Legeza nyuzi. Adungu ambayo shingo yake huchomoka, ichomoe, ifungwe kando. Endongo haichomoki vizuri kwa sababu mikono imepenya ngozi; hiyo ipewe kasha lake, na mti wa juu ushikwe kwa vipande viwili vya sponji ngumu vilivyokatwa kwa umbo lake. Pasiwe na kitu kinachoigandamiza ngozi.

Embuutu na ngoma nyingine za kufungwa kwa kamba za ngozi: legeza kidogo kama kamba zinaruhusu. Kata duara la kadibodi ngumu, liwe dogo kuliko ngozi kwa sentimita mbili, funika kwanza kwa kitambaa, kisha duara. Usizifunge kwa nailoni zikiwa na unyevu. Wiki tatu za giza na joto, na ukungu umeenea ngozi nzima.

Amadinda ndiyo rahisi, ila ina makosa yake. Toa vibao vyote 12, andika kwa penseli namba upande wa chini, na mshale unaoonyesha upande unaopigwa. Sauti ya kila kibao imechongwa kwa kupunguza mbao, kwa hiyo usikwangue wala kupiga msasa "kukisafisha". Funga vibao vitatu vitatu na kitambaa katikati. Vigogo vya mgomba vinavyowekewa vibao usivibebe, ni mmea mbichi na utanyang'anywa. Huko uendako vibao hukaa vizuri juu ya magogo mawili ya sponji ngumu.

Tarumbeta na saksafoni: zifute ziwe kavu, toa mdomo uufunge peke yake, zuia vifuniko vya saksafoni kwa vipande vya koki (ile ya vizibo vya chupa). Kibodi: toa betri, rudisha kwenye boksi lake la kiwandani kama bado unalo. Piano usiifunge mwenyewe. Piano ya kusimama ina kilo 200 na zaidi, inahitaji watu wanne wanaojua, mikanda na kitoroli.

Boksi na kasha

Kinachogusa rangi ya ala kiwe pamba au karatasi nyeupe isiyo na wino. Nailoni ya mapovu ikikaa moja kwa moja kwenye vanishi kwenye joto huacha alama za duara zisizotoka, na gazeti huacha wino. Sponji ya godoro si mbaya kwa kujazia nje, lakini hubonyea: ikiwa unaweza kuiminya kwa kidole hadi upande wa pili, ni laini mno.

Ala iliyo kwenye kesi iingie kwenye boksi la kwanza, boksi hilo liingie la pili lenye kuta mbili, na sentimita 5 za sponji pande zote sita kati yao. Pande zote sita. Watu husahau chini.

Kwa kasha, mwagize seremala plaiwudi ya milimita 9, na 12 ikiwa uzito umezidi kilo 40. Kanuni ya kimataifa ya ISPM 15 inadai mbao nzima za kufungashia zipashwe joto hadi nyuzi 56 katikati kwa dakika 30 na kugongwa muhuri wa HT. Plaiwudi haimo kwenye sharti hilo. Basi mwambie atengeneze hata mikanda ya pembeni kwa plaiwudi, asitumie vipande vya mbao vilivyobaki karakanani, na utakuwa umeepuka muhuri, ada na kukataliwa bandarini. Atumie skrubu, si misumari: afisa wa forodha akitaka kuona ndani atafungua na kufunga bila nyundo.

Karatasi na bima

Orodha ya mizigo itaje kila ala kwa jina, vipimo, namba ya kiwandani, mti na ngozi kwa jina la kisayansi, na thamani. Namba za forodha ziko sura ya 92: 9202 ni ala za nyuzi, 9205 za kupuliza, 9206 ngoma na marimba, 9207 za umeme. Wakala atakuomba TIN (namba ya mlipa kodi) yako ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, pasipoti na vibali. Thamani iwe ile ile kwenye bima, kwenye forodha na kwenye orodha. Ukishusha upande mmoja kukwepa ada, thamani hiyo ndogo ndiyo utakayolipwa ala ikipotea.

Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya huwaondolea ushuru wahamiaji kwa mali waliyoimiliki na kuitumia angalau miezi sita, ikiingizwa ndani ya miezi 12 ya kuhamia, kwa mtu aliyeishi nje miezi 12 au zaidi. Tafuta risiti na picha za zamani zenye tarehe.

Usitegemee fidia ya msafirishaji. Kwa Mkataba wa Montreal, tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo kwa mzigo wa ndege ni SDR 26 (kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa) kwa kilo, kama dola 35. Fidla yenye kilo 3 pamoja na kesi italipwa kama dola 100. Nunua bima ya hatari zote, na soma yasiyolipwa: karibu zote hukataa ufungashaji duni na kasoro ya asili ya chombo, yaani mbao iliyopasuka kwa kukauka. Mizigo uliyofunga mwenyewe mara nyingi hulipwa ikipotea yote tu, si ikivunjika. Uliza hilo kabla ya kulipa, na upate jibu kwa maandishi. Piga picha za ala wazi, kila hatua ya kufunga, na boksi lililofungwa pande zote.

Kupokea

Boksi likifika limebonyea au limelowa, andika hivyo kwenye karatasi ya mpokeaji kabla ya kusaini, na upige picha dereva akiwa bado hapo. Saini tupu humaanisha umepokea mzigo mzima.

Kisha usifungue. Liache ndani ya chumba, mbali na hita, kwa saa 24. Wakati wa baridi kali saa 48. Fungua boksi la nje, ngoja saa chache, ndipo ufungue kesi. Lakini usizidishe hapo, kwa sababu saa ya madai imeshaanza kuhesabu: kwa ndege una siku 14 za kuandika dai la uharibifu wa mzigo, na 7 kwa begi la abiria; kwa meli, uharibifu usioonekana nje kwa kawaida huripotiwa ndani ya siku 3.

Kaza nyuzi taratibu kwa siku tatu au nne, ukianza na robo ya njia. Ngoma isisogezwe karibu na moto ili ipate sauti, itapasuka. Weka kipima unyevu chumbani na mashine ya kuongeza unyevu ikishuka chini ya asilimia 40, hasa miezi ya kwanza ya baridi. Maboksi, sponji na kasha usivitupe hadi ala zote ziwe zimepigwa na kukaguliwa, kwa kuwa mkaguzi wa bima ataomba kuviona.